Filamu ipimwe kwa kura za watazamaji (nyota 1 hadi 10) au kwa idadi ya wanaofungua ukurasa wake mtandaoni?

Huu ubishi hauishi aisee. IMDb wenyewe, ile tovuti ya taarifa za filamu, wanatumia zote mbili: MOVIEmeter, kipimo chao cha umaarufu, inaangalia watu wanafungua kurasa gani, na Top 250, orodha yao ya filamu 250 bora, inaangalia kura. Kwa kujua nini kinatrendi wiki hii ya kwanza inashinda, inashtuka haraka, ila hata skendo ya muigizaji inaweza kuipandisha filamu ambayo hakuna anayeisifia. Kura zinachelewa kukusanyika, na mashabiki wakijipanga wanamwaga 10 au 1 bila hata kuangalia, ndo maana Top 250 inadai angalau kura 25,000 na kura hazihesabiwi zote kwa uzito sawa. Unatafuta cha kuangalia usiku huu? Nenda na kura. Unauza matangazo? Mibofyo ndo yako.