Eksaita na distoshoni ya valvu kwenye miksi: uzoefu wangu hapa Arusha

Kazi nyingi ninazomiksi hapa Arusha ni za aina tatu: Bongo Fleva, rap ya machalii wa Chuga na kwaya za kanisani. Plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) ninazozizungumzia ni Decapitator ya Soundtoys, Saturn 2 ya FabFilter, Saturation Knob ya Softube ambayo ni ya bure, eksaita iliyomo ndani ya Ozone ya iZotope, na Aphex Aural Exciter ambayo Waves waliitengeneza upya kwa ajili ya kompyuta. Maoni yangu nayatoa mapema: kwa muziki wetu, plagini ya valvu (inayoiga distoshoni, yaani mkwaruzo, wa mashine za zamani za valvu) kwenye besi inalipa kuliko eksaita kwenye sauti ya mwimbaji. Wengi wanaanza kinyume. Wananunua eksaita, wanaibandika kwenye masta, yaani juu ya wimbo mzima, halafu wanashangaa kwa nini wimbo unauma masikio ndani ya Hiace ya Ngaramtoni.

EQ, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha frikwensi, hupandisha kilichopo. Kama maikrofoni haikushika kitu cha maana juu ya 10 kHz, EQ itakupandishia mchakacho tu. Eksaita inafanya jambo jingine: inachukua nakala ya sauti, inaikata chini kwa filta, inaikwaruza ili izae hamoniki mpya (frikwensi ambazo ni mazidisho ya noti ya asili), kisha inazirudisha kidogo kidogo kwenye sauti ya asili. Aphex ya mwaka 1975 ilikuwa hivyohivyo. Mwanzoni mashine ile haikuuzwa, ilikodishwa tu, na malipo yalikuwa dola 30 kwa kila dakika ya wimbo uliokamilika. Plagini ya valvu yenyewe haichagui. Sauti yote inapita, na wimbi linapokuwa kubwa linabanwa.

Noti ya 100 Hz huzaa 200, 300, 400 na kuendelea. Hamoniki ya pili ni noti ileile oktavi moja juu, kwa hiyo inakaa vizuri na muziki wowote. Wimbi likibanwa sawasawa juu na chini hutoka za namba witiri: ya 3, ya 5, ya 7. Likibanwa zaidi upande mmoja, za namba shufwa nazo zinaingia. Kwenye Decapitator utaona herufi tano, A, E, N, T na P. T na P zimeigwa kutoka Culture Vulture ya Thermionic, mashine ya distoshoni ya valvu, T ikiwa trayodi na P ikiwa pentodi, aina mbili za valvu. T ni nene na laini, naiweka kwenye besi na sauti za kike. P ina meno, na rap yenye sauti ya kukwaruza inaipenda. Kitufe cha Punish kinaongeza 20 dB za nguvu kwa mkupuo; kwenye sauti ya kuongoza sijawahi kuona sababu ya kukibonyeza, ila kwenye chaneli ya pembeni ya ngoma kinaleta uhai.

Sasa besi, maana hapa ndipo pesa yako inarudi.

Besi nyingi za Bongo Fleva ni sauti ya chini isiyo na rangi, inayocheza kati ya 40 na 60 Hz. Kwenye spika kubwa inatikisa ukuta. Kwenye simu haipo kabisa, kwa sababu spika ya simu haiwezi kutoa frikwensi hizo. Lakini ubongo una tabia moja nzuri: ukisikia 110, 165, 220 na 275 Hz kwa pamoja, unaijenga mwenyewe noti ya 55 Hz hata kama haipo. Kwa hiyo kazi ni kuzizalisha hizo hamoniki bila kuichafua besi yenyewe.

Tuma besi kwenye chaneli ya pembeni kwa sendi, yaani njia ya kutuma nakala ya sauti. Kwenye chaneli hiyo weka Decapitator kwenye T, Drive (nguvu ya mkwaruzo) karibu 5 au 6, Mix (kiasi cha sauti iliyokwaruzwa) mpaka mwisho. Baada yake, si kabla yake, weka EQ: kata chini kuanzia 120 Hz na kata juu kuanzia 2.5 kHz. Mpangilio huo una maana. Ukikata chini kabla ya distoshoni, umeiondoa ile 55 Hz ambayo ndiyo mama wa hamoniki zote, na distoshoni itabaki kukwaruza mabaki. Ukisahau kukata chini baada yake, utakuwa na besi mbili za 55 Hz zinazogombana. Ukisahau kukata juu, utapata mlio wa nyuki unaokaa palepale ambapo maneno ya mwimbaji yanapaswa kusikika.

Shusha feda ya chaneli hiyo mpaka chini kabisa, peleka miksi kwenye simu, kisha ipandishe taratibu hadi uweze kuimba mstari wa besi unaposikiliza simu. Rudi kwenye spika za studio ushushe 1 au 2 dB. Halafu geuza polariti ya chaneli hiyo (juu ya wimbi pawe chini) usikilize eneo la 100 hadi 200 Hz. Filta ya kawaida huzungusha fezi (yaani husogeza wimbi kidogo kwa wakati) karibu na pale inapokata, na mara nyingine hamoniki zako zinaifuta besi badala ya kuijaza. Upande unaotoa mwili zaidi ndio unaobaki. Kama pande zote mbili ni nyembamba, sogeza filta hadi 150 Hz ujaribu tena.

Asiye na bajeti atumie Saturation Knob. Ina nobu moja na swichi ya nafasi tatu. Kwa besi, Keep High inatosha, maana inaacha juu pakiwa safi na kukwaruza chini. Haina nobu ya Mix, kwa hiyo lazima utumie sendi.

Kabla ya kuamini chochote ulichosikia, sawazisha sauti. Distoshoni inaongeza ukubwa, na sikio la binadamu likisikia 1 dB zaidi linasema imependeza. Decapitator ina kitufe cha Auto kinachoshusha sauti inayotoka kadiri unavyoongeza Drive, lakini usikitegemee peke yake. Weka mita ya LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) mwishoni, washa na uzime plagini, na hakikisha tofauti haizidi nusu dB. Hapo ndipo unapogundua kwamba nusu ya maajabu yalikuwa ukubwa wa sauti tu. Jambo lingine ni kiwango cha kuingilia. Plagini nyingi za kuiga mashine za zamani zimepangwa zikitarajia wastani wa karibu -18 dBFS, kipimo ambacho 0 ndiyo kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali. Biti nyingi zinazoletwa kwenye flashi zimeshapandishwa hadi kugonga 0. Ukiingiza sauti hiyo moja kwa moja, nobu ikiwa kwenye 1 tayari unapata mkwaruzo, na watu wanailaumu plagini. Shusha geini ya klipu kwanza.

Kwenye sauti ya mwimbaji mimi ni mchoyo wa eksaita. Studio nyingi za hapa na Moshi zinatumia maikrofoni za kondensa za bei nafuu, na nyingi ya hizo tayari zina mlima kati ya 8 na 12 kHz. Kuongeza eksaita hapo ni kutia chumvi kwenye chakula chenye chumvi. Ila kwa sauti iliyorekodiwa kwa SM58, maikrofoni ya dainamiki ambayo kwa takwimu za Shure wenyewe inaishia 15 kHz, eksaita inasaidia kweli: pumzi inafunguka na maneno yanasogea mbele.

Mpangilio wangu ni di-esa (inayotuliza makali ya s na sh), kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), kisha eksaita. Di-esa inatangulia kwa sababu herufi s na sh zinakaa takriban 5 hadi 8 kHz, palepale eksaita inapoanzia kula. Usipozituliza kwanza, kila "sisi" na "shida" inazaliwa upya ikiwa na makali maradufu, na di-esa iliyowekwa nyuma haiwezi kuyaondoa bila kuyafanya maneno yawe na kithembe. Kompresa nayo inatangulia ili kiwango kinachoingia kiwe thabiti. Bila hivyo maneno ya kupaza yanakwaruzwa na ya kunong'ona yanapita bila kuguswa. Anzia 5 au 6 kHz. Kuanzia 12 kHz kwenda juu ni kazi bure kwa wimbo utakaosambazwa kama MP3 ya 128 kbps, maana faili hiyo kwa kawaida hukatwa karibu na 16 kHz, na vitu vingi vya juu vinaigeuza kuwa mlio wa maji yanayochemka. Pandisha eksaita hadi uisikie, kisha ishushe hadi uone pengo unapoizima tu.

Kwaya ndiyo hatari kubwa, na huku kwetu kwaya ni nyingi. Distoshoni haizai hamoniki za kila noti peke yake tu. Noti mbili zikipita pamoja zinazaa jumla yake na tofauti yake. Soprano akiwa kwenye 523 Hz na alto kwenye 440 Hz, plagini inakuletea 963 Hz na 83 Hz. Ile 83 haikuimbwa na mtu yeyote, na haimo kwenye wimbo. Zidisha kwa waimbaji thelathini wa soprano, alto, teno na besi, ongeza kinanda, na umepata ukungu ambao EQ haiwezi kuutoa kwa sababu umejisambaza kila mahali. Kwa hiyo kwaya nzima isipite kwenye valvu. Weka sachuresheni (mkwaruzo laini) ndogo kwa mwimbaji kiongozi na kwa gitaa la besi, basi. Kama lazima uiguse kwaya yote, tumia Saturn 2 au eksaita ya Ozone kwa bendi, yaani kila eneo la frikwensi peke yake, wacha kila kitu chini ya 4 kHz kikiwa safi, na bendi ya juu ipewe Drive ndogo sana.

Kitu ambacho wengi hawakisemi ni frikwensi zinazojikunja. Mradi wa 44.1 kHz hauwezi kubeba chochote kilichozidi 22.05 kHz, na distoshoni haiujui mpaka huo. Ingiza toni ya 9 kHz. Hamoniki ya tatu ingekuwa 27 kHz. Haina pa kukaa, inajikunja na kutua 17.1 kHz. Ya tano ingekuwa 45 kHz. Inatua 900 Hz, katikati ya sauti ya mwimbaji, bila undugu wowote na noti iliyopigwa. Ndiyo sababu plagini nyingine zinasikika kama kioo kilichopasuka kwenye matoazi na herufi s. Ukaguzi wake ni rahisi: chezesha toni inayopanda polepole kutoka 20 Hz hadi 20 kHz, weka plagini, na nyuma yake SPAN ya Voxengo, ambayo ni ya bure. Hamoniki halali zinapanda pamoja na toni. Ukiona mistari inashuka wakati toni inapanda, huko ndiko kujikunja.

Dawa yake ni ovasampulingi, yaani plagini kufanya hesabu zake ndani kwa kiwango cha sampuli kilicho juu zaidi. Saturn 2 ina chaguo la mara 8 na mara 32. Hiyo ya 32 itaipigisha magoti kompyuta ya kawaida, kwa hiyo fanya kazi ikiwa imezimwa na uiwashe unapotoa faili la mwisho. Usiisikie kwa mara ya kwanza wakati faili limeshatoka, maana mlio wa juu hubadilika kidogo. Decapitator haina swichi hiyo, lakini Reaper (programu ya kurekodi) za sasa zinaweza kuiwekea ovasampulingi plagini moja moja.

Makelele nayo. Chukua gitaa lenye mvumo wa umeme wetu wa 50 Hz uliokaa kwenye -60 dBFS. Ukiongeza Drive 20 dB kisha ukashusha sauti inayotoka 8 dB ili ukubwa ulingane, gitaa limebaki palepale lakini mvumo sasa uko -48, na umezaa 100 na 150 Hz zake. Mvua ya masika juu ya bati ni mbaya zaidi, kwa sababu sauti yake imetanda hadi juu kabisa, na eksaita inaichukulia kama pumzi ya mwimbaji. Kata nafasi kati ya mistari kwa mkono kabla plagini haijaguswa. Plagini kadhaa za Waves zinazoiga mashine pia zina swichi ya Analog yenye 50 Hz, 60 Hz na kuzima. Zima, mvumo tunao wa kutosha.

Kwa mnunuzi: anza na Saturation Knob na eksaita iliyo ndani ya programu unayotumia, Logic wameiweka, Reaper nayo inayo kati ya plagini zake za JS zinazokuja nayo. Ukifika kulipia, Decapitator ndiyo ninayoifungua mara nyingi, na Soundtoys hushusha bei mara kwa mara, kwa hiyo subiri punguzo. Inahitaji akaunti ya iLok (mfumo wa leseni), lakini si lazima ununue kile kifaa cha USB. Saturn 2 ndiyo yenye udhibiti mkubwa, hadi bendi 6, na leseni yake ni maandishi unayoyabandika tu, jambo linalomfaa anayefanya kazi kwenye kompyuta isiyo na bando. Zote mbili zina majaribio ya siku 30 yasiyobana kitu. Eksaita ya Aphex ya Waves ningeinunua mwisho, na kwa anayerekodi kwa maikrofoni za dainamiki pekee.