Kupita ukaguzi wa uwanja wa ndege na mashine ya CPAP: uzoefu wangu

Mashine yangu ya CPAP, ile inayonisukumia hewa kupitia barakoa ninapolala, siipeleki kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, hata niambiwe begi liko salama kiasi gani. Mwenye apnea ya usingizi anajua kwa nini. Bila hewa ile ya msukumo koo linaziba, pumzi inakatika mara kwa mara usiku kucha, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Begi la nguo likichelewa siku mbili utavaa ulichonacho, lakini mashine ikichelewa hulali. Kwa hiyo inapanda nami, na maana yake ni lazima ipite kwenye ukaguzi.

Ninatumia AirSense 10 ya ResMed, yenye tangi la maji ya kutia hewa unyevu ubavuni. Nikifika kwenye foleni namtangulia afisa kwa kumwambia kwamba nina mashine ya kupumulia usingizini, kisha namuuliza kama niitoe. Mara nyingi jibu ni ndiyo: mashine inalazwa peke yake kwenye trei kama kompyuta ya mkononi, barakoa na mrija vinabaki begini. Ndivyo utaratibu wa ukaguzi wa Marekani unavyosema pia. Penye mitambo mipya inayopiga picha ya begi kutoka pande zote, huenda ukaambiwa usitoe chochote. Eksirei haiidhuru mashine, hilo lisikunyime raha.

Kinachonikera mimi ni trei. Zinabeba viatu vya watu kutwa nzima, halafu unaambiwa ulaze humo chombo kinachovuta hewa na kuisukuma moja kwa moja puani mwako! Ndiyo maana mashine yangu hukaa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, safi, mkubwa wa kutosha kuifunika yote. Inapita kwenye eksirei ikiwa humo humo. Wakati mwingine afisa hutaka kuipangusa kwa kitambaa kidogo cha kupima mabaki ya vilipuzi, na hapo mfuko unafunguliwa. Namwomba kwa adabu abadilishe glavu kwanza, na kila nilipoomba nimekubaliwa. Kwa bei yake, mfuko huo umenifaa kuliko kifaa kingine chochote cha safari nilichonunua.

Tangi nalikausha kabisa kabla ya kutoka nyumbani. Viwanja vingi bado vinazuia chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100, lakini hata pasipo sheria hiyo, maji yakiachwa tangini na begi likalazwa ubavu yanaweza kuingia kwenye mota. Marekani huruhusu maji yaliyotoneshwa (distilled water) kwa matumizi ya kitabibu kupita kiwango hicho ukiyatangaza mapema. Mimi naona ni mzigo wa bure, nayanunua nikifika.

Mvutano wa kweli nimeupata mlangoni pa kupandia ndege. Mfanyakazi mmoja aliihesabu mashine kuwa begi la pili na kutaka niilipie. Nilimwonyesha barua ya daktari, ukurasa mmoja tu wenye jina la ugonjwa, aina ya mashine na kiwango cha msukumo wa hewa, naye akamwita msimamizi wake, ambaye aliniruhusu kupita bila malipo. Sheria za Marekani zinakataza kifaa cha namna hii kuhesabiwa kwenye idadi ya mizigo ya mkononi. Kwingineko inategemea shirika, kwa hiyo ulizeni wakati wa kukata tiketi na mpate jibu kwa maandishi. Tena begi la mashine libebe mashine na vifaa vyake tu. Ukishindilia sweta humo umempa mtu sababu ya kuliita begi la kawaida.

Wenye betri ya ziada wasome lebo yake. Hadi wati-saa 100 (kipimo cha nishati ambayo betri inabeba) inaingia ndani ya ndege bila kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Kama lebo inataja volti na ampea-saa pekee, zizidishe: volti 24 kwa ampea-saa 4 ni wati-saa 96. Betri ya lithiamu ya akiba haikubaliki tumboni mwa ndege hata iwe ndogo, na ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma.

Mahali pengine pa kuwa makini ni mwisho wa mkanda wa eksirei. Watu nyuma yako wanasukuma trei zao, na vitu vyako vimetawanyika kwenye trei mbili au tatu. Vuta zote pembeni, kaa kwenye benchi, na kabla ya kufunga zipu hakikisha umeona mashine, barakoa, mrija, tangi, adapta na waya wa umeme. Waya ndio hujificha chini ya koti.