Pawa Saplai ya Kompyuta: Ipi Ununue, na Ipi Itakayokumalizia Luku

Mnunuzi anayeingia dukani Kariakoo kutafuta pawa saplai ya kompyuta huuliza kwanza wati, na mara nyingi huikataa ile ya wati 650 kwa hofu kwamba itakula umeme kuliko ya wati 450. Hofu hiyo haina msingi. Wati zilizoandikwa ubavuni ni kikomo cha umeme ambao kifaa kinaweza kuipatia kompyuta, si kiasi kinachovutwa kutoka kwenye soketi muda wote. Kompyuta ya ofisini ambayo mazabodi, prosesa na diski zake kwa pamoja vinahitaji wati 60 itapewa wati hizo 60 tu, iwe imefungwa pawa saplai ya wati 300 au ya wati 1000. Kinachoongezeka juu yake ni umeme unaopotea kama joto wakati umeme wa ukutani wa volti 230 unapogeuzwa kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, na upotevu huo ndio unaoulipia bila kupata kazi yoyote.

Tuchukue kompyuta hiyo hiyo. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 75 itavuta wati 80 ukutani ili kutoa 60. Yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 67 hivi. Kwa saa 8 za kazi, siku 26 kwa mwezi, tofauti haifiki hata uniti 3. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la T1 (la matumizi ya kawaida), nikihesabu uniti kwa shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, ataokoa takriban shilingi 1,000 kwa mwezi. Nasema hivi mapema kwa sababu wauzaji wengi huahidi makubwa kuliko hayo. Mwenye kompyuta moja inayotumika kuandika barua na kutoa risiti hana sababu ya kununua kifaa cha bei ya juu kwa ajili ya Luku peke yake, isipokuwa pengine yule wa kundi la D1 (la matumizi madogo ya nyumbani) ambaye matumizi yake yanakaribia uniti 75 kwa mwezi, maana zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi.

Hesabu hubadilika pale saa zinapokuwa nyingi. Mwenye intaneti kafe ya kompyuta 10 zinazowaka saa 14 kila siku, akiacha pawa saplai zenye ufanisi wa asilimia 75 na kufunga za asilimia 85, hupunguza wati 94 hivi kwa jumla, ambazo kwa mwezi ni karibu uniti 40, yaani shilingi 14,000. Na hapo bado hatujagusa joto ambalo feni za chumba hulazimika kulifukuza.

Namna ya kutambua ufanisi ni nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004. Ngazi ya chini kabisa inadai asilimia 80 katika mizigo mitatu: asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wa kifaa. Bronze inadai 82, 85 na 82. Gold 87, 90 na 87. Juu yake zipo Platinum na Titanium. Takwimu hizo ni za umeme wa volti 115 kama wa Marekani, hivyo kwenye volti 230 zetu kifaa kile kile huongeza pointi moja au mbili. Hata hivyo vipimo hufanyika kwenye nyuzijoto 23 hivi, hali ambayo chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hakiijui. Nembo yenyewe ni rahisi kuchapishwa na yeyote, kwa hiyo litafute jina la modeli katika orodha ya mpango huo mtandaoni kabla ya kuliamini karatasi lililobandikwa.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji intaneti. Geuza kifaa usome jedwali la ubavuni, uangalie ampea za volti 12, kisha zidisha kwa 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya michoro hulishwa kutoka hapo. Kifaa kinachojiita cha wati 500 lakini kina ampea 18 tu za volti 12 kina wati 216 mahali zinapohitajika. Kifaa kizuri cha kisasa hutoa karibu uwezo wake wote kupitia volti 12.

Sasa upangaji wangu. Nafasi ya kwanza, kwa watu wengi, naipa pawa saplai ya Bronze ya kweli yenye wati 450 hadi 550. Inatosha kompyuta ya nyumbani au ya ofisini, inabeba hata kadi ya michoro ya wastani, na umeme inaookoa ukilinganishwa na vifaa visivyo na nembo ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kutoka Bronze kwenda juu, nyongeza ya kila ngazi ni ndogo kuliko hatua hiyo ya kwanza.

Gold ya wati 650 au 750 naiweka ya pili, na kwa mhariri wa video au mchezaji wa gemu naipandisha iwe ya kwanza. Kompyuta inayohitaji wati 350 kwa saa 6 kila siku itavuta ukutani wati 412 kwa ufanisi wa asilimia 85, na wati 389 kwa asilimia 90. Tofauti hiyo ni uniti 4 kwa mwezi, au shilingi 17,600 hivi kwa mwaka. Ikiwa duka linataka shilingi 60,000 zaidi kwa Gold, fedha hizo zitarudi baada ya miaka mitatu na nusu. Feni inayozunguka polepole utaifaidi tangu siku ya kwanza.

Platinum na Titanium ni za seva na mashine zisizozimwa. Za wati 1000 na kuendelea, kwa kompyuta ya kawaida, naziweka chini zaidi, ingawa sababu si ile ya mnunuzi wetu wa Kariakoo: kompyuta ya wati 60 inaitumikisha kwa asilimia 6 tu ya uwezo wake, na huko chini ufanisi huporomoka. Kati ya ngazi nilizozitaja, ni Titanium pekee inayolazimika kupimwa kwenye mzigo wa asilimia 10.

Nafasi ya mwisho ni ya vile visanduku vyepesi visivyo na nembo, vyenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Swichi hiyo ikisukumwa kimakosa kwenye 115, kifaa hulipuka mara kinapochomekwa. Zaidi ya hapo, kwa kawaida ni dalili kwamba hakina sakiti ya kurekebisha kipengele cha nguvu, yaani uwiano kati ya wati zinazotumika kweli na mzigo wote unaovutwa, ambao hupimwa kwa VA (volti mara ampea). Mita ya nyumbani haitakutoza kwa kasoro hiyo, ila UPS (kifaa cha betri kinachoiwezesha kompyuta kuendelea umeme unapokatika) na jenereta zitailipia: mzigo wa wati 200 wenye kipengele cha nguvu cha 0.6 huihitaji UPS itoe VA 333, wakati kifaa chenye sakiti hiyo kingehitaji VA 205 hivi. Anayekatikiwa umeme mara kwa mara huilipa bei hiyo anaponunua UPS kubwa kuliko anayoihitaji. Kwa upande mwingine, baadhi ya UPS za bei nafuu zisizotoa wimbi laini kama la umeme wa ukutani hugombana na pawa saplai zenye sakiti hiyo na kuizima kompyuta umeme unapokatika, hivyo omba zijaribiwe pamoja dukani.

Wenye kompyuta za mtumba za Dell au HP za maofisini nimewaacha nje ya upangaji kwa makusudi. Nyingi kati ya hizo zimekuja na pawa saplai ndogo ya wati 200 hadi 300 yenye ufanisi mzuri, mara nyingine wa ngazi ya Gold, na ukubwa huo unalingana na mzigo wake kuliko chochote utakachouziwa leo. Baadhi hutumia viunganishi vya kampuni yenyewe ambavyo pawa saplai ya kawaida haiviingii. Ikiharibika, tafuta ya aina ile ile kwa namba iliyoandikwa juu yake, na usimruhusu fundi akate waya ili afunge ya wati 500 aliyoitoa kwenye kasha jingine.