Kokateli (kasuku wadogo) wawili Shangani, Mtwara: uzoefu wetu wa mwaka mmoja na nusu, sote tukiwa kazini

Mke wangu ni muuguzi wa zamu. Mimi nipo ghalani, na msimu wa korosho ukianza Oktoba narudi nyumbani giza limeshaingia. Kila tuliyemwambia tunataka kufuga kasuku alituona tumechanganyikiwa. Lakini mke wangu alikuwa na hamu naye tangu utotoni, na mimi nilitaka amani ndani ya nyumba.

Alichokitaka hasa ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesalimia wageni. Dalali mmoja akasema anampata, "bila makaratasi mengi". Hapo nikaogopa. Tangu mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ndege huyo yupo kwenye orodha ya juu kabisa ya wanaozuiwa kwenye biashara ya kimataifa, na hapa kwetu kukaa na mnyamapori bila kibali ni kesi. Tena hata angekuwa halali: anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, ana akili ya kukushangaza, na akiachwa peke yake kutwa nzima huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Sisi tunatoka saa moja kasoro asubuhi. Kwetu asingemaliza mwaka na manyoya yake.

Vijana nao wakatuletea kinda la kasuku wa porini, yule wa kijani mwenye kichwa cha kahawia wa huku kusini. Tukawarudisha nalo.

Tukaishia kwa kokateli. Asili yake Australia, lakini hawa wamezaliwa kizimbani. Ana gramu 90 hivi, ana kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa. Kuongea ni kwa kubahatisha, ila mluzi anaujua. Tulichukua wawili makusudi, maana akiwa mmoja wewe ndiye mwenzake, na wewe hupo. Hasara yake ni kwamba wakiwa wawili hawakuzoei haraka. Ilituchukua kama miezi minne kabla hawajakubali kupanda kidoleni.

Muuzaji wa Dar alituapia kuwa ni dume na jike. Laki tatu na nusu, pamoja na kizimba ambacho ndege hawezi kunyoosha mbawa ndani yake (fundi wa Chikongola akatuchomelea kingine). Tukawapa majina: Korosho na Ming'oko. Ming'oko ndiye "bibi". Kumbe kokateli wa kijivu wakiwa wachanga wote hufanana na majike! Walipobadilisha manyoya kwa mara ya kwanza, uso wa Korosho ukawa njano. Wiki mbili baadaye na wa bibi ukawa njano. Nilimpigia muuzaji, akacheka, akakata simu. Simsamehi kwa uongo wake, ila madume wawili wanapatana, na hatuna kazi ya mayai.

Joto la Mtwara mnalijua, na kwetu pangaboi halizimwi. Jioni moja nimefungua kizimba huku nimelisahau linazunguka. Korosho akapaa moja kwa moja kuelekea juu. Mke wangu alirusha kanga, ikamfunika hewani, wakaanguka pamoja kwenye kochi. Nilikuta unyoya mmoja wa mkia sakafuni, umekatwa kama kwa mkasi. Siku hizi swichi ya pangaboi ina karatasi nyekundu, na hakuna anayegusa mlango wa kizimba kabla mapanga hayajasimama.

Usiku nako kuna jambo ambalo hatukuambiwa. Kokateli hushtuka gizani. Umeme ukikatika ghafla au mjusi akipita, wanaanza kujipigiza kwenye vyuma kama kuna nyoka ndani. Tumewawekea taa ndogo ya sola pembeni, na tangu hapo wametulia.

Dawa ya mbu ya kuchoma tumeacha kabisa, tunategemea chandarua. Kikaango kisichonata nacho tumekigawa, kwa sababu kikipata moto kupita kiasi hutoa moshi unaoua ndege. Chakula ni mtama, ulezi, mchicha, mahindi mabichi. Parachichi hapana, ni sumu kwao. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, ambao huko Dar wanauuza, sisi tunauchukua bure, tunausuuza na kuuanika.

Kinachonichosha mimi ni vumbi. Manyoya yao hutoa unga mweupe kama wa poda, ukifuta televisheni asubuhi, jioni umerudi. Mwenye pumu asijaribu.

Kwa saa zetu za kazi, wanatosha. Kutwa wanachokonoana na kulala, jioni tunawatoa saa moja, saa mbili usiku kitambaa juu ya kizimba. Wanaishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo si jambo la msimu. Tukienda Newala kwenye harusi, binti wa jirani anakuja kuwapa maji, tunamlipa.

Kuongea hawajaongea. Ila Ming'oko ameshaiga mlio wa simu ambayo hospitali humwitia mke wangu zamu ya dharura. Jumapili iliyopita mke wangu alishavaa sare na kiatu kimoja kabla hajagundua nani anapiga.