Miezi minne na bodi ya Chua dukani kwangu Mwanga, Kigoma

Nauza vocha za intaneti hapa Mwanga. Mwaka jana wanafunzi wawili walianza kuingia bure. Programu yangu ilitunga namba za vocha kwa kuanzia na saa ya kompyuta. Wao wakakisia niliiwasha saa ngapi, basi namba zote wakawa nazo. Ili nipate namba zisizokisika, nikaagiza kifurushi cha sakiti ya Chua, sakiti ndogo ya umeme inayotetema ovyo bila kutabirika; kikaja na basi kutoka Dar. Bei haikufika nauli ya basi hilohilo.

Sakiti hii aliibuni mhandisi wa umeme Leon Chua mwaka 1983, akiwa Japani. Vitu vyake fundi redio anavyo kwenye droo: kapasita mbili (nanofaradi 10 na 100), koili ya milihenri 18, voliumu (resista ya kuzungusha), na opampu ya TL082 (chipu ya kukuza ishara) na resista zake. Inakula betri mbili za volti 9, kwa hiyo umeme ukikatika haijali.

Koili iliyokuja nayo ilinitesa siku mbili, sakiti kimya. Kuipima, ohmu zimezidi, inaua mtetemo kabla haujaanza. Nikasokota nyingine kwa waya mnene kwenye feraiti (kiini cheusi cha koili) ya runinga mbovu, ikaamka.

Utamu uko kwenye voliumu. Niliiunga na spika ya kompyuta. Mwanzo unasikia mluzi mwembamba. Zungusha kidogo, unapata mwenzake wa chini. Kidogo tena, unapasuka kuwa mkwaruzo, kama redio iliyopoteza stesheni. Namba nasibu, yaani zisizotabirika, zimo humo. Ukizidisha, mkwaruzo unakatika, unabaki mluzi wa kelele kubwa usio na faida.

Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaangalia mara 50 kwa sekunde volti iko upande gani: chanya 1, hasi 0. Nilipoiharakisha nilipata misururu ya 1 tupu, maana mtetemo huzunguka upande mmoja mara kadhaa kabla ya kuhama. Kisha nazipanga mbilimbili, njia ya mwanahisabati von Neumann ya kuondoa upendeleo kati ya 0 na 1: 01 naandika 0, 10 naandika 1, 00 na 11 natupa. Inabaki kama robo tu. Vocha ya tarakimu 8 hunichukua sekunde 3 hivi, na mteja hata hajamaliza kuhesabu chenji.

Boksi la kifurushi limeandikwa "usimbaji fiche usiovunjika", yaani kufunga ujumbe asiusome mwingine. Wapi! Programu iliyokuja nacho haigusi hata bodi. Inapiga hesabu za vurugu ndani ya kompyuta, na desimali za kompyuta zina kikomo, kwa hiyo mfuatano lazima ujirudie. Niliifuta. Bodi inanipa ufunguo, kufunga ujumbe nimeiachia AES, njia ya usimbaji inayotumika kote.

Tatizo lenyewe hasa ni joto. Siku moja saa nane mchana, chini ya bati, bodi iliteleza hadi kwenye ule mluzi wa kelele, na Arduino ikaendelea kutema namba kama kawaida. Aliyegundua ni kijana wangu wa kazi: "Fundi, redio yako imeacha kukoroma." Vocha zote za mchana ule nilizichana. Siku hizi spika haizimwi, na voliumu ina alama mbili za kalamu: ya asubuhi, na ya saa nane.