Mkanda wa feni wa RAV4 yangu: nilinunua mara mbili, kumbe tatizo ni tenshena

Nimeshatembea kilomita elfu nane na ushee tangu nifunge mkanda huu, kwa hiyo sasa naweza kuusemea. Gari ni RAV4 ya 2003, ile tunayoiita Kili Time, injini ya 1ZZ, namba ya chesisi inaanza na ZCA26. Mwenye Wish au Premio ya 1.8 yenye injini hiyohiyo, mengi humu yanakuhusu, ila usiende dukani na maelezo yangu ukanunua. Sababu utaiona mbele.

Kwanza jina. Mtaani ni mkanda wa feni, na fundi naye husema hivyo, ingawa kwenye gari hili feni ya rejeta inazungushwa na mota ya umeme na wala haigusani na mkanda. Jina limerithiwa kutoka kwenye magari ya zamani. Huu ni mkanda mmoja mrefu, mgongo laini, tumboni una mifereji, unajipinda kama nyoka kupita puli moja hadi nyingine. Injini inauvuta kupitia puli ya chini ya krenki, nao unazungusha altaneta inayochaji betri, kompresa ya AC, pampu ya pawa stelingi na pampu ya maji. Hiyo pampu ya maji ndiyo wengi tunaisahau. Tunadhani mkanda ukikatika utakosa AC tu, ufungue vioo uendelee na safari. Kwenye 1ZZ ukiendelea na safari utachemsha, na injini ya alumini ikichemsha bei yake si ya mkanda tena. Wengine huuchanganya na mkanda wa taimingi. 1ZZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na iko ndani ya injini.

Kwangu ilianza masika. Asubuhi nikiwasha gari, kelele kali kama mkokoteni wa maji uliokosa grisi, inadumu nusu dakika halafu inanyamaza. Nikiwasha AC inarudi. Jirani yangu pale Tabata, Dar es Salaam, mtu mwema kabisa, akaniambia nipake sabuni ya mche kwenye mkanda huku injini imezimwa. Nikapaka. Kelele ikaisha siku tatu, nikamsifia mtaa mzima. Siku ya nne ikarudi na nduguze. Siku hizi najua kwamba sabuni inanyamazisha tu, mkanda unaendelea kuteleza kimyakimya, na uchafu unagandia kwenye mifereji.

Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Ukiwa mwanamke umeshika mkanda mchakavu mkononi, unaitwa na maduka sita kwa mpigo. Nikaingia moja.

"Dada, RAV4 gani? Kili Time au Miss Tanzania?"

"Kili Time."

"Ya 1ZZ au 1AZ?"

Hapo nilimheshimu, maana swali lilikuwa la maana. Tatizo ni kilichofuata. Mkanda wangu wa zamani ulikuwa umefutika maandishi, zimebaki herufi PK tu. Muuzaji akatoa mkanda mpya kwenye boksi la kampuni yenye jina kubwa, akauning'iniza pamoja na wa kwangu kwenye kidole gumba, akaivuta yote chini, akasema, "Unaona? Sawasawa, dada yangu." Elfu ishirini na tano. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipoiomba, mashine ilikuwa "ina shida ya mtandao".

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, mkanda uliotumika miaka mingi si kipimo. Umeshalika na pengine umeshavutika. La pili, sikusoma maandishi ya mkanda wenyewe, nilisoma boksi. Namba ya mkanda wa aina hii inajieleza. Chukua mfano wa 6PK1200: sita ni idadi ya mbavu, yaani matuta yaliyo kati ya mifereji, PK ni umbo la mbavu hizo, na 1200 ni urefu kwa milimita. Mbavu zikipungua moja, mkanda utaingia na utafanya kazi, ila utabeba mzigo usio wake. Urefu ukizidi kidogo, tenshena, yaani kile kifaa chenye puli kinachoukaza mkanda, inafika mwisho wa mwendo wake na mkanda unabaki umelegea. Mkanda niliouziwa ulikuwa na jina tu, limepigwa rangi nyeupe, herufi zimepinda kama za mwanafunzi wa chekechea. Namba ya saizi ilikuwepo. Namba ya toleo haikuwepo. Hayo niliyaona baadaye, nikiwa nimeukalia mkanda wenyewe pembeni ya barabara.

Maana ulidumu wiki tano. Kijana wa gereji chini ya mwarobaini aliufunga kwa dakika ishirini na elfu kumi, akapiga resi mara mbili, kimya, tukaagana. Wiki ya tatu kelele ikarudi. Wiki ya tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimetoka Buguruni naingia Uhuru kuelekea mjini, foleni imekaza, nikasikia pwaa chini ya boneti. Taa ya betri ikawaka. Nikataka kukwepa daladala iliyosimama ghafla, usukani ukagoma kama umefungwa kamba. Nilizima hapohapo, kabla geji ya joto haijapanda. Huo ndio uamuzi pekee wa busara nilioufanya katika kisa hiki chote, na niliufanya kwa woga. Mkanda haukukatika. Ulichomoka, na mbavu mbili zimenyofoka pembeni kama mkate uliogawanywa na mtoto.

Fundi niliyempata safari hii ni mzee, gereji yake iko Tabata, nilielekezwa na dereva wa bajaji. Huyu ndiye ninayemwandikia nyota tano. Alikuja na bodaboda, begi la spana mgongoni, akarudishia mkanda uleule kwa muda ili tufike gereji taratibu, AC imezimwa, macho kwenye geji. Kufika, nikamwambia ninunue mkanda mwingine. Akasema, "Tulia kwanza, mwanangu. Mkanda hauli mkanda. Tumtafute anayeula."

Akawasha gari, akachukua chupa ya maji yenye kitundu kwenye kizibo, akanyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mifereji injini ikiwa inazunguka. Kelele ikapanda. Akanieleza: kelele ikitulia ukimwagia maji kisha ikarudi mkanda ukikauka, shuku puli iliyokaa upande. Ikizidi, mkanda hauna mvuto wa kutosha, unateleza. Mkono wake ulikaa mbali na mkanda muda wote, na aliniambia nifunge mtandio wangu vizuri au nirudi nyuma. Nikarudi nyuma.

Akazima, akavua mkanda, akazungusha kila puli kwa mkono huku ameinamisha sikio. Altaneta kimya. Pampu ya maji kimya, haichezi. Akafika kwenye tenshena. Ya 1ZZ si ya springi tupu kama za magari mengine, ina kijishokapu cha oili kinachouvuta mkanda na kuzuia mkono wa puli usirukeruke. Cha kwangu kilikuwa kimelowa oili nje na vumbi limeganda juu yake. Alipousukuma mkono ukaenda bila ukinzani, na ukarudi kivivu. Kumbe hata ningefunga mkanda wa kutoka kiwandani siku ileile, ungeteleza tu. Ule feki haukuwa na hatia peke yake. Inaniuma kuukubali huo ukweli, maana wiki nzima nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia muuzaji wa Gerezani.

Spea nilizifuata Ilala, Shauri Moyo, nikiwa na picha ya kibati cha chesisi kwenye simu. Duka la pili lilitafuta kwa namba ya chesisi kwenye kompyuta, likanitajia saizi bila hata kuuona mkanda wa zamani. Hicho ndicho ninachotaka ukichukue hapa: nenda na namba ya chesisi, na mkanda wa zamani uwe shahidi tu. Nikapewa machaguo matatu: wa Toyota wenyewe, Bando, na mwingine nisioujua. Nikachukua Bando kwa elfu sitini na nane. Bando na Mitsuboshi, ambao pia unaupata Dar, yote ni makampuni ya mji mmoja wa Kobe, Japani, na mikanda ni kazi yao ya zaidi ya miaka mia. Kabla sijalipa niliutoa kwenye boksi palepale: maandishi makali, saizi, namba ya toleo, kingo zimekatwa sawa, na ukiukunja kinyumenyume hauonyeshi ufa. Risiti ya EFD ikatoka bila hadithi ya mtandao.

Tenshena ilinipa mawazo. Ya mtumba kutoka Japani elfu sitini, mpya laki moja na arobaini na tano. Nikampigia mzee. Akauliza, "Hiyo ya mtumba wamekuambia imetembea kilomita ngapi?" Nikanunua mpya. Iliniuma.

Kufunga kulichukua saa moja na dakika arobaini, na mkanda wenyewe haukula hata robo ya muda huo. Injini imelala upande, mkanda uko kulia, umebanwa kati ya injini na bodi, mkono wa mtu mnene haupiti. Alinyanyua gari kwa jeki, akaweka stendi, akatoa tairi la mbele la kulia na plastiki ya ndani ili puli ya krenki ionekane. Alitoa waya hasi wa betri. Kabla ya yote nilikuwa nimepiga picha njia ya mkanda, kwa sababu stika inayoonyesha njia hiyo ilishabanduka chini ya boneti, na kwenye boksi la Bando hakuna mchoro wowote. Kwa bei ile wangeweka hata kikaratasi.

Tenshena mpya ilisumbua kidogo kwenye nati ya juu, nikasikia maneno ya kifundi nisiyoweza kuyaandika. Kisha akasugua mifereji ya puli kwa brashi kavu, akakataa petroli iliyoletwa na dogo wake. "Mpira na petroli havipendani." Mkanda akaupitisha kuanzia chini, upande wa mifereji kwenye puli zenye mifereji, mgongo kwenye puli laini. Akaweka spana ya 19 kwenye tenshena, akaivuta, akautelezesha kwenye puli ya mwisho, akairudisha polepole bila kuiachia ghafla. Halafu akapitisha kidole kila puli kuhakikisha hakuna ubavu uliokaa nje ya mfereji wake. Kijana wa mwarobaini hili hakulifanya, na nadhani ndipo zile mbavu mbili zilipoanza kunyofoka. Akazungusha injini kwa mkono mzunguko mzima, ndipo tukawasha. Ufundi elfu arobaini.

Jumla, ukihesabu na pesa niliyoitupa mwanzo, ni laki mbili na elfu themanini na nane. Ningeanza kwa mzee ningeokoa elfu thelathini na tano, pamoja na asubuhi moja ya kupigiwa honi na nusu ya Ilala.

Baada ya kilomita elfu nane: kimya. AC ikiwaka foleni ya Mandela mchana, kimya. Mvua za vuli, nimepita kwenye maji mara kadhaa, ulilia sekunde mbili mara moja tu ukaacha. Nimeukagua juzi kwa tochi, maandishi ya mgongoni bado yanasomeka. Kingine alichonifundisha mzee: mikanda ya siku hizi ni ya mpira wa EPDM, haipasuki nyufa mapema kama ya zamani. Inalika mbavu taratibu kama soli ya kiatu, kwa hiyo usisubiri ufa ndipo uubadilishe. Tazama kama mifereji imepanuka na kuwa na kina zaidi kuliko ya mkanda mpya, au kama mkanda umezama kwenye puli. Na oili ikiudondokea, tafuta inakovuja kabla ya kufunga mwingine.

Mkanda nauwekea nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya mchoro. Tenshena bado nainyima nyota hadi ifike elfu ishirini. Ule feki ulioharibika dogo wa gereji aliniomba, nikampa, na nilipopita wiki iliyopita niliuona umefunga mlango wa banda la kuku. Unashika vizuri tu.