Niliita watu wa kuosha injini nyumbani, wakamuulizia mume wangu

Kama unatafuta watu wa kukufuata nyumbani na mashine ya presha wakuoshee injini, hawa wapo upande wa Tabata, bei yao ya kawaida na kufika wanafika. Mengine utayaona kwenye tangazo lao, limejaa picha za maboneti yanayong'aa. Mimi nina neno moja tu, na nikilikumbuka bado damu inanichemka.

"Shemeji yupo? Nipe niongee naye."

Hilo ndilo jibu nililopewa na mkubwa wao nilipomwomba asubiri injini ipoe. Gari ni langu. Kadi ina jina langu, mkopo wa Saccos nimeulipa mwenyewe, na IST hiyo ndiyo naiamkia alfajiri kuwahi foleni ya Mandela. Lakini ili nisikilizwe kuhusu maji yanayomwagwa kwenye injini yangu, uani kwangu, eti kwanza atafutwe mwanamume! Nikamjibu shemeji hayupo, nipo mimi. Akamgeukia kijana wake, wakati mimi nimesimama pale pale: "Hawa ndio wa YouTube hawa."

Nilikuwa nimetoka kuingia, gari limetambaa kwenye foleni mchana kutwa, boneti huwezi hata kuligusa. Maji ya rejeta tu yanafika nyuzi 90 hivi hata gari likiwa halina tatizo, na manifoldi ya egzosi (chuma kinachopokea moshi unaotoka kwenye injini) ni moto kuliko hapo kwa mbali sana. Ukiimwagia maji ya baridi ghafla chuma kinaweza kupasuka. Hata dawa ya kutolea grisi inakaukia juu kabla haijalainisha chochote. Nilichoomba ni kusubiri mpaka mkono uweze kukaa juu ya injini bila kuungua. Viti nilishaweka kivulini, chai ipo.

Na nilishajiandaa. Nilitoa waya wa hasi wa betri. Nilitenga foili ya jikoni na mifuko ya nailoni (rambo tangu zipigwe marufuku 2019 kuzipata kazi, nilitumia ile migumu inayokuja na mashuka) ya kufunika alternata, fyuzi boksi, mdomo wa kuvutia hewa, na zaidi ya vyote zile koili nne zinazopeleka umeme kwenye plagi. Mwenye IST anajua: kila plagi imezama ndani ya shimo lake, koili imekaa juu yake. Maji yakishaingia mle hayana pa kutokea.

"Dada, sisi tunaosha injini kila siku." Akawasha mashine. Presha yote, ncha ya bomba imekaribia koili kabisa, kama anang'oa tope kwenye tairi la lori la kokoto.

Niseme haki, maana hasira isinifanye mwongo. Kijana wake ni mtu wa maana. Alichukua mifuko yangu akafunika fyuzi boksi na alternata bila kubishana, akawa anasugua kwa brashi na mswaki taratibu pembeni ya betri. Alipoona bomba linakwenda kwenye koili akasema, "Kaka, koili hizo," akafokewa anyamaze. Na dawa yao nzuri, hilo siwezi kulipinga. Hawatumii petroli wala mafuta ya taa kama wale wa barabarani, vitu vinavyoharibu mpira na vinavyoweza kukuwashia gari zima kwa cheche moja. Grisi ambayo nadhani ilipanda meli nayo kutoka Japani ilishuka yote.

Tena kuna zaidi. Injini ilipokuwa safi ndipo nikaona mstari mpya wa oili unashuka kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini. Fundi wangu amekuwa akiniongezea oili na kuniambia gari hizi zikizeeka zinakula oili. Hailiwi, inavuja! Bila kuosha nisingejua. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusamehe maneno.

Halafu nikawasha gari.

Likawaka, likaanza kutetemeka lote hadi kioo cha pembeni, na taa ya cheki injini ikawa inapepesa. Hela nilishatuma kwa simu. Nikamwita aone. "Hiyo kawaida, litembeze litakauka." Litembeze! Taa ikiwaka na kutulia unaweza kujikongoja hadi gereji. Ikipepesa maana yake gari linamisi vibaya, petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosi), na masega yakishaungua hiyo ni gharama nyingine ambayo koili ni mtoto mbele yake. Nikazima. Nikamwomba basi apulize yale mashimo kwa upepo, kompresa ninaiona pale kwenye pikapu yao. Anakunja mpira wa maji, hata haniangalii: "Shemeji akirudi akupeleke gereji."

Fundi umeme alipokuja mashine yake ikasoma P0303, yaani silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Kuchomoa koili, shimo limejaa maji. Akapuliza yote manne, akakausha, koili tatu zikapona na moja ikagoma kabisa. Nikaifuata ya mtumba Ilala. Meseji zangu za kudai hela ya koili zina tiki mbili za bluu na hakuna jibu.

Nilipoanza kuandika nilipanga nyota mbili, moja ya dawa na moja ya kijana. Na ningeziacha hivyo kama nisingeongea na jirani yangu wa nyumba ya tatu, baba mmoja mpole ambaye naye aliwahi kuwaita. Kwake walisubiri injini ikapoa, wakanywa na soda. Mkubwa huyo huyo akafunika koili kwa mikono yake, akasuuza kwa mpira wa kawaida kwa mbali, akapuliza mashimo kwa kompresa ile ile, kisha akawasha gari boneti likiwa wazi likauke. Jirani ananisifia: "Wale vijana makini sana." Kumbe kazi wanaijua! Wanaijua yote, kila hatua niliyokuwa namwomba. Kwa hiyo nyota moja, ya kijana. Dawa itanisamehe.